Neno "Hatuwezi" Limetoka Wapi?



Katika nyumba nyingi za Nyunzu, kama katika nyumba nyingi za nchi yetu, liko neno moja linalokaa na watu kama mgeni asiyeaga. Hula nao, hulala nao, wala hakuna anayeliuliza limetoka wapi. Neno hilo ni "hatuwezi." Mtoto aulizwapo kwa nini ameacha kufanya hesabu, hujibu: "Kwetu hatuwezi hesabu." Baba aulizwapo kwa nini binti yake alikomea darasa la sita, hujibu: "Wasichana hawawezi masomo marefu." Mama wa sokoni aulizwapo kwa nini haandiki mapato na matumizi yake, husema: "Mimi ni mtu wa jembe, kalamu siiwezi." Na mtoto wa Batwa, kabla hata hajaulizwa, wengine humjibia: "Huyo? Huyo hawezi shule."

Leo twataka kulitazama neno hili kwa utulivu. Hatutaki kumwambia mtu aamini tu kwamba anaweza kila kitu. Maneno ya namna hiyo ni matamu masikioni, lakini hayalimi shamba wala hayalipi daftari. Twataka kuuliza mambo mawili: ni nani aliyetufundisha kusema "hatuwezi"? Na mtu afanye nini ili aliache neno hilo?

MTO ULIOZIBWA

Wakaaji wa Nyunzu waujua mto Lukuga. Ndio mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka hadi Lualaba. Lakini mto huu haukuwa wazi sikuzote. Msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alipofika kinywani mwake mwaka 1874, aliukuta umesongwa na majani na matete. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akakuta tope na mafunjo yameziba njia. Ziwa likazidi kujaa. Miaka michache baadaye kizuizi kile kikavunjika, na wasafiri waliofika mwaka 1879 waliukuta mto ukienda kasi kuelekea magharibi, na ziwa likaanza kushuka.

Tuseme mtu alisimama pale mwaka 1876, akatazama maji yaliyolala, akasema: "Huu si mto." Kwa yale aliyoyaona siku ile, hakusema uongo. Lakini kama angeongeza kusema: "Wala hautakuwa mto kamwe," angekosea sana. Alichokiona ni hali ya siku ile, si tabia ya maji.

Hivyo ndivyo tunavyokosea juu ya watoto wetu na juu ya nafsi zetu. Twaona tope, twasema hakuna mto. Hata hivyo tusisahau upande wa pili: tope lile halikuondoka kwa kuambiwa liondoke. Maji yalikusanyika mvua baada ya mvua, yakasukuma hata njia ikafunguka. Imani bila kazi isingeusogeza hata unyasi mmoja.

MFANO WA NYUMBANI

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Wazungu wengi waliokuja Kongo walishika fikira kwamba mtu mweusi hawezi masomo marefu. Ataweza kusoma kidogo, kuandika kidogo, kubeba mzigo, basi. Kuhusu upadri mashaka yalikuwa makubwa zaidi, kwa maana upadri ulidai Kilatini, falsafa, teolojia, tena maisha bila mke. Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Wazee wetu nao walikuwa na swali lao zito: mtu asiye na mke wala mtoto, nani atakayelitaja jina lake baada yake?

Karibu na mwaka 1886, katika nchi ya Marungu, kusini mashariki mwa jimbo letu la Tanganyika, alizaliwa Stefano Kaoze. Alisoma kwa Mapadri Weupe katika seminari ya Mpala, kando ya ziwa, kisha akaendelea huko Baudouinville, ambako leo twakuita Moba. Masomo yake yalichukua miaka mingi kupita kumi. Katika miaka ya 1910 na 1911, naye angali mseminari, jarida moja la Ubelgiji lilichapa maandishi yake ya Kifaransa juu ya nafsi na fikira za Wabantu. Tarehe 21 Julai 1917 Askofu Victor Roelens alimpa daraja la upadri. Kaoze akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, akatumika mpaka kufa kwake mwaka 1951.

Tumesema "wa nyakati hizi" kwa sababu maalumu. Karibu miaka mia nne kabla yake, mwaka 1518, Papa Leo wa Kumi alikuwa amemteua Henrique, mwana wa Mfalme Afonso wa Kongo, kuwa askofu. Basi, jambo ambalo watu walisema haliwezekani lilikuwa limekwisha kufanyika zamani. Lilikuwa limesahauliwa tu. Mara nyingi neno "hatuwezi" huishi kwa kusahau.

Huko Uganda mlango ulifunguka mapema kidogo: Bazilio Lumu na Victoro Mukasa walipewa upadri tarehe 29 Juni 1913. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka wa nchi hiyo akawa askofu, na mwaka 1960 Laurean Rugambwa wa Tanganyika, nchi iitwayo leo Tanzania, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Nasi Wakongomani tulimpata Kardinali Joseph Malula mwaka 1969. Toka mseminari mmoja wa Mpala mpaka hapo, si njia fupi, lakini ni njia moja.

MILANGO MIWILI, DAMU MOJA

Sasa twawaomba wasomaji wafikiri pamoja nasi juu ya hesabu moja. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, mapadri Wakongomani walikuwa wamepita 500. Lakini Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Je, twasemaje? Kwamba Mkongomani alizaliwa na akili ya Kilatini na falsafa, lakini bila akili ya sheria, uganga na ufundi? Huo ungekuwa upuzi. Damu ni moja, vijiji ni vile vile, hata mama zao huenda walikuwa majirani.

Tofauti ilikuwa mlango. Mlango wa seminari ulifunguliwa karibu na mwaka 1900. Watoto wakaingia, wengi wakarudi njiani, wachache wakafika, na kila aliyefika akawavuta wengine. Mlango wa chuo kikuu ulibaki umefungwa nusu ya karne. Thomas Kanza, mlei wa kwanza Mkongomani kumaliza chuo kikuu, alimaliza huko Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na mji wa Kinshasa, kilianza mwaka 1954 tu. Na wasichana? Sophie Kanza, dada yake Thomas, ndiye mwanamke wa kwanza Mkongomani kumaliza chuo kikuu, mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, alikuwa waziri wa Serikali. Basi wale waliosema kwamba mwanamke wa Kongo hawezi masomo marefu, walikuwa wakitazama mlango uliofungwa wakaudhania kuwa ukuta.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu la kwanza. "Hatuwezi" mara nyingi ni jina la mlango uliofungwa zamani. Ubaya wake ni huu: kufuli laweza kuondolewa, na neno likabaki mdomoni. Baba alilisikia kwa bwana wake kazini, akalileta nyumbani. Mtoto akalinyonya pamoja na uji. Hata siku mlango ufunguliwapo, mtoto hukaa nje kwa adabu, akidhani nyumba si yake.

TUPAMBANUE

Lakini tusidanganyane. Si kila "hatuwezi" ni uongo. Tangu Septemba mwaka 2019 Serikali imeondoa ada katika shule za msingi za umma, nalo ni jambo kubwa. Hata hivyo liko daftari, iko sare, iko njaa ya asubuhi, yako madarasa yaliyojaa hata watoto wengine kukaa chini. Na wilaya yetu imeonja vita na ukimbizi. Mtoto aliyekimbia usiku na mama yake hakuacha shule kwa uvivu. Kumwambia mtoto kama huyo, "Ungeamini tu ungeweza," ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kwa hiyo yafaa kupambanua mambo matatu. Liko jambo tusiloliweza kweli, kama kuzuia mvua. Liko jambo tusiloliweza bado, kwa kukosa fedha, kitabu, mwalimu au njia. Hilo lataka msaada na muda. Na liko jambo tuliloambiwa hatuliwezi, nasi hatujalijaribu. Mtu mwenye busara hujiuliza maswali manne: Nani aliniambia? Mimi mwenyewe nilijaribu lini? Nilijaribu mara ngapi? Nilikuwa na vifaa gani mkononi? Mara nyingi jibu la swali la pili ndilo linaloaibisha: hatukujaribu kamwe, au tulijaribu mara moja tukiwa na njaa.

Tuchukue mfano wa darasani. Katika madarasa ya chini mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Baadaye Kifaransa hushika nafasi. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu kwa Kiswahili anageuka bubu ghafula. Hajui kwamba kilichobadilika ni lugha. Yeye hudhani akili zimemtoroka. Jioni husema nyumbani, "Siwezi hesabu." Mzazi naye huitikia, "Hata mimi sikuziweza." Basi uongo umepata mashahidi wawili. Kumbe mtoto yule alihitaji mtu wa kumweleza swali lile lile kwa Kiswahili, kisha kumfundisha maneno ishirini ya Kifaransa cha hesabu.

CHEMCHEMI NNE

Twaja sasa kwa swali la pili: mtu afanye nini? Mwaka 1977 Albert Bandura, mtaalamu wa elimu ya nafsi, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alionyesha kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika chemchemi nne. Tuzitazame moja moja, tukizileta hapa kwetu.

Ya kwanza, tena yenye nguvu kuliko zote, ni kufanya jambo lenyewe na kulimaliza. Jambo dogo lililomalizika lafaa kuliko hotuba kubwa. Yule mama wa sokoni asianze na hesabu za mwaka mzima. Aandike leo vitu vitatu: mihogo aliyonunua, mihogo aliyouza, franka zilizobaki. Kesho vivyo hivyo. Mwisho wa juma atakuwa na ushahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba kalamu anaiweza, na hakuna atakayemnyang'anya ushahidi huo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya pili ni kumwona mtu kama wewe akiliweza jambo. Tunasisitiza: kama wewe. Mtoto wa Nyunzu akimwona Mzungu akiendesha garimoshi, hasemi, "Nami nitaweza." Lakini akimwona mtoto wa jirani, aliyechota naye maji, anarudi akiwa muuguzi au mwalimu, moyo wake hushtuka. Ndiyo sababu wa kwanza ana thamani kuliko hesabu yake: Kaoze alikuwa mmoja tu, lakini baada yake hakuna aliyeweza kusema tena kwamba haijapata kuwa. Ninyi mliosoma mkaenda Kalemie au Lubumbashi, mrudipo likizo msiketi barazani mkionyesha viatu. Waiteni watoto, wafungulieni madaftari yenu ya zamani, waonyesheni hata alama mbaya mlizopata kabla ya kupata nzuri.

Ya tatu ni neno la mtu anayeaminiwa. Neno lina nguvu, lakini lina masharti. Mwalimu akimwambia mtoto, "Wewe ni hodari," na mtoto ajua kwamba hakufanya kitu, neno lile hupotea kama moshi. Bali akimwambia, "Jana ulikosa maswali saba, leo umekosa manne, nimeona ulipopata njia," neno hilo hukaa. Na neno baya hukaa zaidi. "Mjinga kama baba yako" ni maneno manne tu, lakini mtoto aweza kuyabeba miaka arobaini.

Ya nne ni hali ya mwili. Moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka siku ya mtihani, mtoto hudhani mwili wake unamwambia kwamba hawezi. Afundishwe kwamba hofu si hukumu. Hata mwindaji hodari moyo humpiga. Apewe chakula asubuhi kama kipo, alale mapema, azoee kujibu mbele ya wenzake kabla ya siku kubwa. Hapo atatofautisha kati ya kuogopa na kutojua.

TUNAPOWASEMEA WENGINE

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote, nalo latuhusu sisi watu wa Nyunzu hasa. Kusema "siwezi" ni kujidhuru. Kusema "hawawezi" juu ya jirani ni kumdhuru mwingine, na mwisho wake waweza kuwa damu. Tangu mwaka 2013 mapigano kati ya Batwa na Baluba yaliingia katika vijiji vya Tanganyika, yakarudi kwa nguvu mwaka 2016. Watu waliuawa pande zote mbili, nyumba zikateketea, maelfu kwa maelfu wakakimbia. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini mojawapo ilikuwa ya zamani sana: Mtwa kuhesabiwa kama mtu wa kufanyishwa kazi kwa malipo madogo, asiyeitwa katika shauri la kijiji, ambaye mtoto wake hakutazamiwa kusoma. Watu wakiambiwa kizazi baada ya kizazi kwamba wao si kitu, wengine hulala chini, wengine huinuka na mishale.

Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kukuza haki za Wapigmii wenyeji. Ni sheria njema. Lakini sheria hufungua kufuli. Haiwezi kuondoa neno lililo mdomoni mwetu. Kazi hiyo ni ya mwalimu, ya mzazi, ya mwanafunzi aliye kwenye benchi lile lile. Mwalimu amwite mtoto wa Batwa kwa jina lake, si kwa kabila lake. Asimweke nyuma karibu na mlango, kana kwamba anamngojea atoke. Kuna wazee wa Batwa wajuao mamia ya miti, majira ya kila tunda, dawa ya kila gamba. Kukumbuka na kupambanua hivyo ni kazi ya akili, hata kama haikuandikwa ubaoni. Mtoto aliyelelewa na wazee kama hao hakuja shuleni na kichwa kitupu. Na ninyi wazazi Batwa mnaosoma au kusomewa ukurasa huu, msiwarudishe watoto porini kwa sababu ya mzaha wa juma la kwanza. Mzaha huchoka kabla ya mtoto mvumilivu.

KAZI YA JUMA HILI

Tusimalize kwa maneno matupu. Wazazi, juma hili sikilizeni vinywa vyenu nyumbani. Kila msemapo "hatuwezi," simameni mwulize: je, ni hatuwezi kweli, ni hatuwezi bado, au tuliambiwa tu? Walimu, mchagueni mtoto mmoja mliyekwisha kumkatia tamaa, mmpe kazi ndogo anayoweza kuimaliza, mwone mwenyewe atakavyoshika kalamu siku ya pili. Wanafunzi, chukueni somo lile mnaloliogopa, mlipe robo saa kila siku, siku sita. Msipime kwa jirani, pimeni kwa jana.

Baadhi yenu watajaribu na kushindwa. Msione haya. Wengi walioanza njia moja na Kaoze hawakufika mwisho, lakini wengi wao walirudi wakiwa walimu na makarani, wakafungua njia nyingine kwa watoto wao. Aliyejaribu akashindwa amejua kipimo chake cha leo. Asiyejaribu hajui kitu, ila ameamini maneno ya watu.

Na kama wako wazee watakaotikisa kichwa, waheshimuni, kisha endeleeni na kazi. Lukuga haukubishana na tope.